Mahari Chini ya Ngazi za Umeme

Herufi moja ndiyo iliyonitoa Tanga. Nilikuwa barazani nakunywa chai, simu ikalia kutoka Kampala. Mwanamume aliyejitaja kwa jina la Ssalongo alisema kwa Kiswahili cha kwao: "Mzee, kuja haraka. Tunataka kuongea mahali ya Zuhura." Zuhura ni binti wa marehemu mdogo wangu Hamisi, aliyehamia kule zamani akafungua duka la mitandio ndani ya jumba la maduka. Baba alipofariki, binti akabaki na duka.

Mke wangu, Mama Salma, akauliza kama si mahali pa biashara. Nikacheka. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, kwa hiyo nilimweleza taratibu kwamba watu wa Kampala huchanganya L na R. Mtu wa kule akisema mahali, ana maana ya mahari. Tena alisema "ya", na mahali huenda na "pa". Ngeli haidanganyi. Mama Salma akaniongezea chai, nami nikadhani ameelimika. Kesho yake mtaa mzima ulijua kuwa Zuhura wetu anaposwa.

Njia nzima, Tanga hadi Mombasa, Mombasa hadi Nairobi, nilikuwa naifanyia mazoezi hotuba yangu kimoyomoyo. Karibu na Nakuru ikanitoka kwa sauti, na abiria wa pembeni akaitikia amina. Mpakani Busia nikaulizwa nakwenda kufanya nini Uganda. Nikasema napokea mahari. Ofisa akalitazama koti langu la sherehe, ambalo kwa wakati huo lilikuwa limekunjamana vibaya, akanitakia kila la heri.

Kampala ilinipokea kwa mvua. Boda boda ikanipandisha Kibuli hadi kwa Zuhura, koti likala matope mgongo mzima. Binti alikuwa amekonda. Akaniandalia chai na katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maini, lakini yeye hakugusa kitu. Akasema hapati usingizi. Nikamwambia ni kawaida kwa msichana katika hali yake.

"Baba mkubwa, watu hawa wakinikataa leo, nimekwisha," alisema.

Nikafurahi moyoni. Kumbe anampenda.

Jumbani, Ssalongo alitungoja mlangoni, akaniita ssebo, yaani bwana. Ni mzee mpole, msimamizi wa jumba tangu lilipofunguliwa, na alisisitiza kunizungusha kwanza. Alinieleza kwamba mwanzoni watu walitoka vijijini na nguo zao za kanisani ili wapande ngazi za umeme, na kuna waliovua viatu pale chini kama wanaoingia sebuleni kwa watu. Maharusi walikuja kupigwa picha. Baadaye majumba mapya yakafunguliwa Ntinda na kwingineko, duka kubwa la nyuma likafungwa, wapangaji wakahama mmoja mmoja. Ngazi za umeme zikasimama, zikawa ngazi tu.

"Ile wakati hakuna mtu alitaka kukaa hapa," alisema. "Hamisi peke yake. Yeye, mimi na giza."

Sasa jumba limepakwa rangi, ngazi zinatembea tena, na watu wamerudi. Niliinamisha kichwa kwa heshima. Nilidhani ananionyesha mali za upande wa bwana harusi.

Ofisini tulikuta wenye jumba wawili. Nikasimama, nikakung'uta matope, nikaanza.

"Binti yetu hatumuuzi. Tunachotaka kujua ni mtamweka wapi."

Wakatazamana. Ssalongo akasema, "Sasa anakaa chini. Lakini kuna mwingine, wa simu, anataka hapo. Huyu wetu wanasema aende juu."

Damu ikanipanda. "Mna mwingine tayari? Na wetu mnamficha orofani asionekane?"

"Ndiyo shida, ssebo. Juu watu hawafiki."

"Basi hatoki chini," nilisema, na hotuba yote niliyoihifadhi tangu Tanga ikanipotea, nikabaki na hasira peke yake. "Baba yake alikaa nanyi gizani. Leo taa zimewaka, mnamsukuma mtoto wake kando? Hamisi hayupo, lakini mimi nipo."

Yule mwenye jumba aliyekuwa mkubwa kwa umri akanong'ona na mwenzake. Mwishowe akasema wamenielewa. Zuhura atabaki palepale, na wa simu ndiye atakayepanda juu. Zuhura akaanza kulia.

Nikakaa kwa madaha. "Sasa," nikauliza, "bwana harusi yuko wapi?"

Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. "Baba mkubwa," alisema kutoka humo ndani, "ni mahali. Pa."

Ssalongo alicheka hadi akashikilia ukuta.

Alasiri nzima nilikaa dukani chini ya ngazi, kwenye kiti cha Hamisi, wateja wakipita mbele yangu. Niliuza mtandio mmoja, na Zuhura akamkimbilia mteja kurekebisha bei. Nilimkumbuka sana ndugu yangu. Kila mwaka aliniambia nije nione ngazi zinazotembea, nikamjibu kwamba kwetu tunatembea wenyewe.

Safari ya kurudi sikufanya mazoezi ya hotuba yoyote. Nilichojifunza ni kidogo kwa safari ndefu namna ile: mtu akikuambia mahali, mkubalie kwanza kwamba amesema mahali.

Tanga, nilipofika kona ya mtaa wetu, wanawake walikuwa wamejipanga na kanga za sare, wakapiga vigelegele. Nilitamani nirudi Busia. Waliponiona uso, vigelegele vikakatika. Mama Salma akanisogelea, akaangalia koti, akaangalia uso.

"Pa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Pa," nikajibu. "Lakini hajaondolewa."

Akawageukia wenzake. "Mbona mmenyamaza?" akawaambia. "Mtoto kapata mahali pake. Pigeni."