Fundi wa Kuzeesha Kuta

Mzee Rwegoshora wa Muleba hakuwahi kuamini ukuta kwa macho. Akienda kukagua kazi ya fundi mwenzake alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya lipu kutoka pembe hadi pembe, na kiganja kikikwama mahali alijifuta mkono kwenye suruali na kuondoka bila kuaga. Mkono huo ndio uliomfundisha mwanawe Severin kazi. Na mkono huo huo ndio uliomnyima Severin raha kule Dubai, kwa sababu tangu afike hakuwa amejenga hata ukuta mmoja ambao angethubutu kumtumia baba yake picha.

Si kwamba kazi ilikosekana. Kazi ilikuwa tele, ila yenyewe ilikuwa ya kuzeesha kuta. Kampuni ilikuwa ya bwana Khelef, Mzanzibari aliyezaliwa Deira, mtaa wa hapo hapo Dubai, na kulelewa kwa Kiunguja cha mama yake. Kampuni hiyo ilikabidhiwa ukuta mpya, mzuri, ulionyooka, uliotoa watu jasho. Ndipo Severin akaja na mnyororo, nyundo, majivu na maji ya kahawa, akautesa mpaka ukaonekana umerithiwa. Hoteli ziliutaka hivyo. Migahawa iliutaka hivyo. Jioni Severin alishuka kwenye basi la kampuni kambini kwao Muhaisnah na vumbi kwenye kope, akijisikia kama mtu aliyelipwa kumchafulia mtoto nguo za sikukuu.

Basi mzee akiomba picha ya kazi, Severin alituma picha yake mwenyewe amesimama mbele ya ghorofa refu. Dada yake Paskazia, mwenye simu ya kupokea picha, alimwonyesha mzee, na mzee aliuliza swali lile lile kila mara: ghorofa ni zuri, lipu yako iko upande gani? Severin akajibu kwamba mtandao unasumbua. Mzee akamwambia Paskazia kuwa mtandao wa Dubai una akili sana, unasumbua pale tu mtu anapoulizwa jambo. Akaongeza kuwa ukuta wa jikoni kwake umezidi kupinda, na kwamba hataruhusu fundi mwingine auguse mpaka Severin arudi, kama bado ni fundi.

Hilo la "kama bado ni fundi" lilimchoma Severin kuliko jua la Agosti. Alitaka picha moja tu. Ukuta mmoja ulionyooka, mzee auone, aridhike, anyamaze.

Mwaka 2016 Khelef akapata kazi ya kuugeuza ua wa mgahawa mmoja pale Al Barsha uwe kijiji cha Ufaransa: njia ya mawe, kisima kisicho na maji, na kuta za kale pande zote. Severin akatengeneza ukuta wa mfano. Mwenye mgahawa, aliyesoma Ufaransa ujanani, aliuzunguka, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Huu si uzee," alisema. "Hii ni ajali."

Khelef alinuna siku nzima, kisha akakubali. Ukweli ni kwamba hata yeye uzee wa ukuta alikuwa akiusikia tu. Mtaani kwao nyumba ikianza kuzoeleka inavunjwa. Akaamua waende Ufaransa, yeye na fundi wake, wakauangalie uzee kwao. Visa ya Severin ilipotoka hakuna aliyeamini, Severin mwenyewe akiwa wa kwanza. Akafunga sanduku, na katikati ya mashati akaficha mwiko, timazi na pimamaji. Hakuna aliyemwambia avibebe. Lakini fundi aende ugenini bila mwiko, akafanye nini huko?

Vijiji walivyovikuta vilikaa juu ya vilima, na magari yaliachwa chini. Khelef, ambaye kwao huwasha gari kutoka duka la mkate kwenda duka la dawa lililo mlango wa pili, alitafuta mtu wa kumkabidhi ufunguo amwegeshee gari, akamkosa. Akapanda kilima akisimama kila kona kusifia mandhari, hata pale ambapo mandhari yenyewe ilikuwa mlango wa choo. Watalii wengine walipiga picha ngome, maua ya madirishani na mto unaopita bondeni. Hawa wawili walipiga picha nyufa. Severin alipapasa kuta, Khelef akazigonga kwa ngumi na kutega sikio, mpaka mama mmoja akafungua dirisha kuuliza kama wametumwa na serikali. Siku iliyofuata wakakodi mtumbwi ili waione ngome kutokea mtoni. Mtumbwi ukazunguka, ukawaonyesha ngome, ukawaonyesha msitu, ukawaonyesha ngome tena, na Khelef akatangaza kwamba sasa ameshaona vya kutosha. Kila sahani aliishuku kuwa ina nguruwe, kwa hiyo walikula mayai asubuhi, mchana na jioni.

Severin mayai aliyaweza. Kilichomshinda ni zile kuta. Zilikuwa zimevimba matumbo, zimeota kuvu ya kijani, zimeegemeana kama walevi. Watu walikuwa wamevuka nchi kuja kuzitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuja na mwiko.

Walipanga kwa mjane mmoja, madam Odette, mwanamke mwembamba mwenye Kiingereza kidogo na ukarimu mwingi. Aliwaokea keki ya matofaa, akamkatalia Severin kuosha vyombo, akamwekea blanketi la ziada bila kuombwa. Severin akatafuta namna ya kumshukuru. Na bustanini mwa madam Odette kulikuwa na ukuta mfupi, umepinda kuliko kuta zote, na bandani kulikuwa na mfuko wa saruji ambao mtoto wake aliuacha.

Unaona mambo yanapoelekea. Khelef aliswali alfajiri akarudi kulala. Severin akatoka na mwiko.

Alikwangua kuvu yote. Aling'oa vimaua vilivyoota kwenye nyufa, akijiuliza mama wa watu amevumiliaje magugu haya. Akachanganya saruji, akaupiga lipu ukuta upande mzima na juu, na mkono ukakumbuka kila kitu bila kuulizwa. Alipoweka pimamaji, kiputo kilikwenda katikati kikatulia. Akapiga picha, akaituma Muleba. Paskazia akajibu papo hapo: mzee ameiangalia, amevaa kofia, ametoka na simu kwa majirani. Severin akakaa juu ya ndoo, machozi yakimlengalenga. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aondoke kwao.

Ndipo madam Odette akaja na kahawa.

Alisimama. Akaiweka sinia kwenye majani. Kisha akainama, akaanza kuokota vile vimaua vilivyong'olewa, kimoja kimoja. Severin akadhani anamsaidia usafi, akamwonyesha vingine vilikoangukia. Khelef aliposhuka, madam Odette alizungumza naye kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya chini, na Khelef akawa anazidi kufupika. Ukuta huo, alitafsiri, ulikuwapo kabla ya bibi wa bibi yake. Katika kijiji hiki hata rangi ya dirisha hubadilishi bila ruhusa ya serikali ya kijiji. Na marehemu mumewe alikuwa akikaa juu yake kila jioni, mpaka jiwe likalainika pale alipokaa.

"We Severin," Khelef alisema, "ukuta wa watu umeuvisha suti."

"Ulikuwa umepinda, arbab," Severin alimjibu bosi wake.

"Ndo' walivyoupenda."

Severin aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Lakini lipu ilikuwa bado mbichi, na kama kuna mtu duniani aliyejua kuuharibu ukuta mzuri, ni yeye. Khelef akawekwa getini kuizuia serikali ya kijiji isipite. Severin akakwangua, akaosha mawe kwa sponji, akarudisha udongo kwenye nyufa na vimaua ndani ya udongo, akapaka mtindi wa madam Odette ili kuvu irudi. Madam Odette alimsimamia akimwonyesha kwa kidole: hapa iliegemezwa baiskeli, hapa hulala paka, hapa alikaa marehemu. Na kadiri alivyoonyeshwa, Severin alielewa kwa nini ukuta wake wa Al Barsha uliitwa ajali. Yeye alikuwa akipiga nyundo popote. Hapa kila alama ilikuwa na mwenyewe.

Kazi ilipokwisha, madam Odette akakaa pale alipokaa mumewe, akajisogeza kidogo, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Kisha akamwomba Khelef auondoe ule mfuko wa saruji, aende nao popote apendapo.

Waliporudi Dubai, Severin aliujenga upya ukuta wa Al Barsha, na safari hii mwenye mgahawa aliuzunguka mara moja tu, akaagiza kahawa akauegemea nayo pale pale. Khelef akafurahi. Severin hakuweza kufurahi, kwa sababu kule Muleba picha ya Ufaransa ilikuwa bado inatembezwa. Paskazia alisema Jumapili mzee aliionyesha hata kwa padri. Ijumaa moja, ua wa mgahawa ukiwa mtupu, Severin akapiga simu.

"Baba, ule ukuta wa Ufaransa haupo tena."

"Umeanguka?"

"Nimeuharibu mwenyewe. Mwenye nyumba aliutaka wa zamani, uliopinda. Na huku Dubai ndiyo kazi yangu siku zote. Nazivisha kuta mvi za kubandika."

Mzee akauliza kwanza kama mtandao unasumbua, akaambiwa hapana. Kisha akauliza kama kuna ukuta karibu. Upo, Severin akasema, wa juzi. Mzee akamwamuru afumbe macho apitishe kiganja. Severin akafumba.

"Unausikiaje?"

"Unakwaruza, baba. Ila hapa usawa wa bega ni laini."

"Kwa nini hapo?"

"Watu wameuegemea sana."

"Watu gani, na wewe unasema ni wa juzi?"

"Bado hawajaja," Severin alisema. "Nimewaegemelea mimi, kwa msasa, siku nzima."

Mzee akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Paskazia akasikika akimletea maji.

"Sasa mimi huu wa jikoni nimeuegemea bure miaka yote hii," alisema alipopata pumzi. "Usitume fundi. Njoo uuone mwenyewe kabla hatujaanguka, ukuta na mimi."

Severin akasema inshallah, ingawa ni Mkatoliki, akakata simu, akaenda kumtafuta Khelef amwombe likizo.