Mbuzi wa Ukumbi wa Kaloleni

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniahidi kwamba nikieleza vizuri vifaa vya mashambani kwenye maonyesho ya ukumbi wa Kaloleni, atafuta jina langu kwenye orodha ya wapiga kelele. Mimi, ambaye kila Desemba huugua ghafla nisipelekwe ushago, kijijini kwetu! Lakini mdomo ninao.

Nikafika kwenye kigoda chenye chuma cha meno mbele. Kadi yake iliandikwa "Mbuzi". Sikusita.

"Wageni waheshimiwa, babu zetu walikaa hapa wakikamua mbuzi. Hicho chuma ni cha kumfunga asitoroke."

Jirani yetu, bibi mmoja wa Mombasa, akacheka hadi buibui likamteleza. "Mjukuu wangu, mbuzi ndiye huyo huyo! Hakamuliwi, twamkunia nazi."

Akakikalia, akajifanya anakuna nazi, ukumbi mzima ukimtazama.

"Niaje, Mbuzi!" wanafunzi wenzangu wakapaza sauti kutoka nyuma.

Jumatatu nilikimbilia orodha ukutani. Kweli, jina langu lilikuwa limefutwa. Mahali pake, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Mbuzi.