Nilisema Hakuna Anayepita Mwambani

Kosa ni langu, wasomaji wenzangu, na msinitafutie udhuru. Mama mdogo wangu alilala seli kwa sababu ya mdomo wangu.

Yeye ndiye aliyenilea hapa Malindi tangu mama alipofariki kule Ganze. Karo yangu yote ilitoka kwenye pweza. Maji yakipwa, yeye na wenzake walishuka mwambani na vijiti vyao, wakachokoa pweza mashimoni, wakarudi mtaani kwetu Barani kuwauza. Mimi nikasoma mpaka Kizungu kikanikaa mdomoni.

Basi wakaja watafiti wa matumbawe. Walitaka kujua kwa nini yanakufa, wakanichukua niwe mkalimani. Jamani, nilivyojiona! Viatu vya visigino mchangani!

Mkuu wao, mama mmoja wa Kizungu, aliniambia niwaite wote wanaoutumia mwamba, wanaume kwa wanawake. Nikaenda kwa mzee wa mtaa nikamwambia atangaze mkutano wa "wavuvi". Nilijua nifanyalo. Huku kwetu mvuvi ni mwanamume mwenye chombo na nyavu. Mwanamke haitwi mvuvi hata awe ameshinda majini tangu utotoni.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kuona haya tu! Sikutaka wageni wangu wamwone mama mdogo na leso yake inayonuka pweza, aniite mwanangu mbele yao.

Lakini alikuja. Alisimama mlangoni pa darasa tulimokutana, wenzake nyuma yake.

"Mwanangu, na sisi twaingia?"

"Mama, huu ni mkutano wa wavuvi. Nyinyi mwachokoa pweza tu."

Alinitazama, akajifunga leso vizuri, akaondoka nao.

Ndani, yule mtafiti akauliza kama kuna watu wanaopita kwa miguu kwenye mwamba wa karibu, maana matumbawe yakikanyagwa huvunjika. Swali lile sikuwatafsiria wavuvi. Nilijibu mwenyewe: hakuna. Laiti ningeumeza ulimi wangu!

Mwamba ukafungwa kwa amri ya serikali, uachwe upone. Kama hakuna anayepita, nani angeumia?

Bamvua lililofuata, maji yalipopwa sana, wanawake wakashuka kama kawaida yao. Askari wakawakamata, wakamwaga pweza wao mchangani. Nilipofika kituoni na chupa ya chai, mama mdogo hakuipokea.

Mtafiti aliposikia alikuja juu. "Ungeniambia, tungekaa nao tukakubaliana pa kupita!" Akanifukuza kazi palepale, na alikuwa na haki. Lakini amri ilikuwa imeshatoka, na mwamba haukufunguliwa tena.

Mama mdogo akarudi Ganze. Mwanamke wa bahari yule, leo anachoma makaa na kutembea mwendo mrefu kutafuta maji! Nilimfuata na sukari na leso mpya. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba vizuri tu, kisha akawageukia watu wa nyumbani.

"Mleteeni mgeni kiti."

Mgeni! Mimi!

Nyinyi mliosoma, mnaoitwa kuwasemea watu wenu, nawasihi. Msiwaonee haya. Msiwachagulie nani aingie na nani abaki nje. Waacheni waseme wenyewe, hata wakinuka pweza! Mimi nimeomba radhi mpaka sauti imenikauka, na kila nikienda Ganze naletewa kiti.