Koti la Baba Chebet

Kumbe jua linaweza kufika hadi kwa moyo!

Leo Baba Chebet amelima kile kipande cha shamba tulichonunua kwa mzungu, jua kali, na koti zito mwilini.

"Toa koti, Baba Chebet."
"Na karatasi ya shamba ikianguka mfukoni?"

Akaanguka yeye.

Nikammwagia maji, mtoto mgongoni, mpaka akaamka akitania. Nikadhani yameisha.

Lakini hospitalini daktari amemsikiliza kifua, akasikiliza tena. Akasema joto limeumiza moyo pia, asiguse jembe mpaka apimwe tena.

Mwili umepoa, moyo bado mgonjwa. Mlijua hayo?

Saa hii ananiambia, "Mimi mzima, lete jembe."

Karatasi nimemwachia. Jembe nimelikalia.

Wenye mabwana wagumu hivi, mnafanyaje?