Kambare Kiunoni mwa Kaka

Mimi nina mdomo. Mke wangu husema siku nikifa watazika mwili kwanza, mdomo uzikwe wiki inayofuata. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Sultan Hamud, na kazi hii bila mdomo huuzi hata plagi. Kwa hivyo mkisikia kuna jambo nimelinyamazia miaka mitatu, mjue ni jambo.

Kwetu ni kule chini kando ya Mto Athi, ukivuka tu uko Kitui. Kila nikienda nyumbani, mimi na kaka yangu tulikuwa tunashuka mtoni kuvua kambare. Ananizidi miaka miwili, analima ndengu na maembe, na tumebaki sisi wawili tu kwa mama yetu. Kaka ni mtu wa maneno machache sana. Nilikuwa namtania mpaka najichosha mwenyewe. "Wewe kaka, hata kambare wanakushinda kuongea." Anacheka kidogo, anatia matumbo ya kuku kwenye ndoano, basi.

Mama hakuipenda hiyo kazi hata siku moja. Wazee wa kwetu hawakukuzwa na samaki, na mpaka leo yeye humwita kambare nyoka wa maji. Akiona zile sharubu anageuza uso. "Mkapike huko nje," anasema, "na sufuria yangu msiiguse!" Sisi tunacheka, tunaenda kupika kwa shemeji.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua limeshaanza kuchoma. Mto ulikuwa umepungua, mchanga umejaa kila mahali, maji yamebaki kwenye vidimbwi virefu. Sasa, watu wa kwetu wakivua kambare hawabebi ndoo. Unachukua kamba ya mkonge, unaipitisha mdomoni mwa samaki itokee kwenye shavu, halafu ile kamba unaifunga kwenye mshipi wa suruali. Wewe umesimama majini hadi magotini, samaki wanaogelea nyuma yako, wazima kabisa. Ukifika nyumbani bado wanapiga mkia. Baba alivua hivyo, majirani wote wanavua hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza ni nani mwingine humo majini anayependa kambare.

Mamba tulijua wako. Nani asiyejua Athi ina mamba? Lakini wako kule chini kwenye maji mengi, ndivyo tulivyokuwa tukiambiana. Hapo petu akina mama wanateka maji na punda wao kila asubuhi.

Kufikia saa tano kaka alikuwa na kambare wanne, kila mmoja urefu wa mkono wangu. Mimi sikuwa na hata mmoja, na hilo lilinikera. Wiki iliyotangulia kamba yake ilikuwa imelegea, samaki wakaenda zao, kwa hivyo nikamwambia, "Lete hapa nikufungie vizuri, wewe hujui kufunga kitu." Nikapiga fundo mara tatu kwenye mshipi wake, nikalikaza kwa meno. Mkonge ukishalowa, fundo kama hilo hulifungui kwa vidole. Nikachukua panga nikatoka majini nikate fimbo nyingine ya kuvulia, maana ile yangu niliona ina mkosi.

Nilikuwa sijafika mbali, hatua sita hivi, mchanga mkavu. Kenge mmoja aliyekuwa akiota jua ng'ambo aliinua kichwa, akakimbilia majanini. Nikamwambia kaka, "Umeona? Hata kenge amekuchoka."

Watu hudhani mamba huja na kelele. Uongo! Sikusikia kitu. Niliona tu maji nyuma ya kaka yakipanda kidogo, halafu kichwa, halafu lile domo likafunga juu ya wale kambare wanne kwa mara moja. Kamba ikakazika. Kaka akaketi majini kwa nguvu, kwa kishindo, akaanza kwenda kinyumenyume.

"Kata!" akaniita. "Kata kamba! Kata!"

Panga lilikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa limenolewa siku hiyo hiyo.

Nilikimbia.

Natamani ningekuwa na namna nyingine ya kulisema, lakini hakuna. Nilikimbia nikapanda ukingo, nikapita kwenye miiba, ndala moja ikabaki huko, na nilipopata akili zangu nilikuwa juu kwenye njia ya punda, napumua kwa mdomo, panga bado nimelishika. Woi! Mtu mzima, mwenye watoto! Kelele za kaka nilizisikia muda wote huo. Siwezi kusema sikusikia.

Nikageuka nikaangalia. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, amelala chali, kisigino kinachimba mchanga, na mikono yake miwili iko kiunoni inahangaika na chuma cha mshipi. Sijui alikifungua vipi. Nikauona mshipi ukichomoka wote kwenye suruali, ukaruka kama mjeledi, ukazama na samaki na kamba na fundo langu. Kaka akatoka kwa magoti na viganja, akalala kifudifudi kwenye mchanga. Maji yakatulia. Yalitulia upesi hata nikaogopa zaidi.

Nilishuka. Kiuno chake kilikuwa kimechubuka mzunguko mzima pale mshipi ulipombana, damu inachirizika. Akaliangalia panga. Akaniangalia mimi. Akasema, "Twende nyumbani."

Njia nzima alitembea ameshika suruali kwa mkono isianguke. Mimi nyuma yake, natafuta neno, hata moja tu, sipati. Tulipofika njia panda akashika ya kwenda kwa mama, mimi nikapitia dukani kununua ndala, kama mtu mwenye haraka na ndala. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumwona mama.

Kesho yake tulikwenda kanisani. Wakati wa ushuhuda kaka akasimama. Jamani! Mtu ambaye tangu tuzaliwe hajasimama kanisani, labda siku ya harusi yake! Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

"Bwana asifiwe," akasema. "Jana mamba alinivuta mtoni. Kama si huyu mdogo wangu kuruka ndani na panga akakata mshipi wangu, leo mngekuwa mnatafuta mwili wangu. Asanteni."

Akaketi.

Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Mama akatoka kwenye benchi lake, akapita katikati ya watu wote, akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, analia. Mchungaji anasema haleluya. Mimi nimeduwaa. Nawaambieni, pale mtoni nilishtuka, lakini si kama hivyo. Mamba nilimwelewa, alikuwa na njaa. Kaka sikumwelewa hata kidogo.

Nilimvizia baada ya ibada, nyuma ya kanisa, pale kwenye tangi la maji. "Kaka, umedanganya kanisani. Kwa nini?"

Alinawa mikono kwanza, polepole. "Jana mama aliona sina mshipi," akasema. "Nikamweleza habari ya mamba. Akaniuliza, na mdogo wako alikuwa wapi?" Akafunga mfereji. "Ulitaka nimwambie ulikuwa wapi?"

Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Ukitaka ajue, mwambie wewe," akasema. "Mimi sitamwambia."

Bado anavua. Siku hizi anabeba ndoo, na anakwenda na jirani. Nikienda nyumbani napata wameshashuka mtoni, au wamesharudi. Hajaniita tena, na mimi sijauliza. Tukionana tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, bei ya ndengu, mvua.

Lakini Krismasi lazima tukae wote kwa mama. Chakula kikiwa mezani anatuambia tufumbe macho, na kila mwaka, kabla hajabariki chapati na nyama, anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto ambaye hakumwacha ndugu yake majini. Anaomba kwa machozi. Kaka ndiye husema amina kwanza, kwa sauti, kisha ananyamaza kuningojea mimi. Nami nasema.