Ukurasa Aliouruka Pasta

Mama Tevin, jina lake Edah, ameajiriwa kuogesha wazee huko Birmingham, Uingereza, kwa miaka kumi na minane, lakini ukimuuliza habari za mapapa wa Roma wa zama za kati atakukalisha chini. Aliyasoma hayo katika darasa la Jumamosi, akitaka kujua jambo moja tu: nani alimpa mkubwa ukubwa wake? Wanazuoni wa Ulaya waligombana sana juu ya hilo. Wengine walisema Mungu aliacha panga mbili, mmoja wa roho na mmoja wa dola, zote mali ya Papa, na mfalme hushika wake kwa ruhusa. Wengine wakasema hasha, mamlaka hutoka kwa waumini wote, na baraza lao laweza kumng'oa hata Papa.

Kanisa lao la Wakenya pale mtaani Handsworth lilizaliwa sebuleni kwake. Pasta Derrick walimchagua kwa kuinua mikono. Alipomwomba Edah daftari lake la yale masomo ya Jumamosi, alimpa kwa furaha.

Jumapili moja pasta akahubiri panga mbili, neno kwa neno kama Edah alivyoandika. Ukurasa wa baraza akauruka. Akamalizia kwamba tangu sasa wazee wa kanisa atawateua yeye, na watu wakapiga makofi.  Edah ameibiwa maneno yake, kisha akafungwa nayo mdomo!

Lakini mkutano wa mwaka ulikuwa unakuja, na hoja ya muumini yeyote ikipata mtu wa kuiunga mkono, lazima ipigiwe kura.

"Usijali, Mama Tevin," Achieng alimwambia ndani ya basi la Soho Road. "Mimi ndio nita-second hoja yako."

Huyu Achieng alilala kwa Edah miezi minane alipoingia Uingereza, na kazi ni Edah aliyemtafutia.

Siku ikafika. Edah akasoma hoja: wazee wachaguliwe na waumini, kama zamani. Katibu akauliza nani anaunga mkono. Akauliza tena. Achieng akatazama viatu vyake.

"Motion imeanguka, haina wa kuiunga mkono," katibu akasema, kisha akasoma majina ya wazee wapya walioteuliwa na pasta. La kwanza lilikuwa la Achieng. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama Tevin ndiye mkubwa wetu," pasta akasema kwa upole. "Atufungie mkutano kwa maombi, kama desturi."

Wote wakafumba macho, isipokuwa Achieng. Edah akachukua koti lake.

"Omba wewe, Achieng," alisema kwa sauti. "Mimi hapa sina hata wa kuniitikia Amina."