Mshale wa Injini ya Kushoto

Baba alirudi Mbinga msimu wa kuchuma kahawa, akiwa na kibegi chake cha urubani na viatu vinavyong'aa kuliko vya padri. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimefunga shule. Bibi, mama yake Baba, akamwuliza kama na yeye yuko likizo.

"Wamenipumzisha, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Shirika lao la ndege lilikuwa limeuzwa nusu kwa wawekezaji, kama vilivyouzwa vitu vingi siku zile. Asubuhi moja Baba aliwasha injini, abiria wameshakaa, akaona mshale wa presha ya oili, injini ya kushoto, unashuka, unapanda, unashuka tena. Akazima. Kwa taratibu zao kapteni asipoikubali ndege, hairuki. Meneja mpya akapanda mwenyewe kumfokea: fundi kasema inafaa, wewe nani? Baba akashuka. Wakamwita rubani mwingine, kijana aliyefundishwa na Baba huyo huyo. Akairusha, ikafika salama.

Kufika kwake salama ndiko kulikommaliza Baba. Ingepata ajali angeitwa mwenye akili. Haikupata, basi ni mwoga.

Hata Mbinga walijua. Mnunuzi mmoja wa kahawa alimpigia kelele kutoka kwenye mizani:

"Kapteni! Ile ndege yako mbovu shemeji yangu kaipanda juzi. Kanywa soda mpaka Dar!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kisha akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Nilitamani kumjibu yule mtu, ila mimi mdomo huwa mzito mbele za watu. Nilimtukana usiku, kwenye daftari.

Nyumbani, mashine ya Bibi ya kumenya kahawa ilianza kulia. Baba akamzuia asiizungushe.

"Kahawa itachacha!" Bibi akagomba.

"Mama, chuma hakilii bure. Kinakwambia mapema ili usije ukalia wewe."

Akaifungua, akakuta beringi imelika, akaenda mjini kwa miguu kutafuta nyingine. Aliporudi na kuifunga, mashine ilizunguka kimya. Siku ile nilijisikia mtoto wa kapteni.

Wiki iliyofuata akaja yule kijana aliyeirusha ndege, amejaa vumbi la basi la Songea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeirusha?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya, kula."

Akala ugali na mbasa, samaki wa ziwani, macho kwenye sahani. Akasema kazini kumeharibika. Hotelini sasa wanalala wawili wawili. Meneja anawaita madereva. Wenzao wenye bahati wamekimbilia Uarabuni.

"Wanasema urudi, Kapteni. Useme tu kwenye kikao kwamba ulikosea kusoma mshale. Basi. Ukikaa chini zaidi, leseni itakufa."

"Na wewe uliuona mshale?"

Kijana akanawa mikono polepole.

"Niliuona."

"Ukaruka."

"Nina watoto, Kapteni."

Baba akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshika birika la kunawia. Nilijua kinachopimwa pale ni nini. Baba bila kuruka alikuwa mtu anayekaa nje alfajiri akitazama mawingu ya upande wa ziwa, chai inapoa. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka pia arudi kazini. Hakuna aliyeniuliza.

Waliondoka pamoja.

Kabla msimu wa kahawa haujaisha Baba akaja kutusalimia, siku mbili tu. Amerudishwa, lakini si kapteni tena: anakaa kiti cha kulia, cha msaidizi. Cha kushoto anakaa yule kijana.

"Na ule mshale, walitengeneza?" Bibi akauliza.

"Mshale gani, mama?"

Tukaenda kumenya kahawa, na mashine ikaanza kulia upya, pale pale.

"Njoo usikilize," Bibi akamwita.

Baba akasimama, mikono mfukoni.

"Inamenya?"

"Inamenya, lakini si unaisikia?"

"Kama inamenya, endeleeni."

Akamsogeza Bibi, akashika mpini, akaizungusha mwenyewe, kwa nguvu, chuma kikipiga yowe mpaka kuku wakahama uani. Debe likaisha. Bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma, kunionyesha nilete.

Nikamimina debe lingine.